Malalamiko Dhidi ya Kyungu na Kabange, Mapasa wa Chumba cha Mashine

Kalemie, Jumamosi asubuhi

Kwa Papa Germain, Mkurugenzi wa Redio Kilima na Ziwa, aliyeko Kongolo kwa harusi ya mdogo wake, na aliyeniomba nisimsumbue ila kwa jambo zito

Papa Mkurugenzi,

Kuna mlio ambao hautoki masikioni mwangu. Ni mwembamba na mfupi, unanyamaza kidogo kisha unarudi, kama kifaranga aliyefunikwa na kikapu, aliyekata tamaa ya kusikilizwa lakini hajakata tamaa ya kulia. Niliusikia Jumatatu, umeme uliporudi na seva yetu ikawaka upya. Nikatoka mbio chumba cha mashine kuuliza wenzangu kama nao wameusikia. Wakatazamana. Ndipo nikajua kwamba redio nzima ilikwisha kuusikia tangu kabla ya Pasaka, na kwamba mimi, fundi wa mitambo, mwenye diploma ya Lubumbashi iliyotundikwa ukutani ndani ya kioo, ndiye wa mwisho kupata habari.

Ninakuandikia kwa heshima zote kulalamika.

Usije ukalisoma jambo hili ukiwa na sahani ya harusi mkononi ukadhani ni dogo. Ndani ya seva mna diski mbili, na ndani ya diski hizo mna sauti zote ambazo redio hii imewahi kurekodi, pamoja na kazi ya Mama Gisèle, aliyezunguka vijiji vya pwani akiwarekodi wazee waliobaki wanaosema Kiholoholo. Wengi wao tumekwisha kuwazika. Diski hizo nilizifunga kwa mtindo wa kioo, kama mapacha: kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa papo hapo kwenye ya pili, ili moja ikifa, nyingine iendelee na kazi isisimame. Sasa moja imekufa. Ya pili inaumwa. Na nje ya mlango huu, kwenye benchi la wageni, ameketi Dada Farida, aliyevuka ziwa kutoka Kigoma kuja kusikia sauti ya mama yake, Bibi Zaina, aliyezikwa bila yeye kwa sababu juma lile hakuna boti iliyotoka. Sauti hiyo haiko mahali pengine popote duniani. Kaka yake, Abdoul, alipokuja kuniuliza kama bado ipo, niliweka kiganja juu ya seva nikamjibu, "Kwangu mimi, Papa Abdoul, kitu hakipotei."

Naomba uukumbuke mkono huo unaposoma yafuatayo.

1. Lalamiko la kwanza ni dhidi ya Mama Alphonsine, mtangazaji wetu wa asubuhi, ambaye studio yake imepakana na chumba cha mashine. Ni yeye aliyeusikia mlio kwanza, tena hewani, katikati ya matangazo ya vifo. Aliingia, akaona taa ya kushoto imegeuka nyekundu, akabonyeza kile kitufe cha kunyamazisha. Nani alimwonyesha kitufe hicho? Nilimwonyesha mimi, siku ya kufunga seva, kwa kujionyesha. Nilipomuuliza kwa nini hakuniita, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu kabla ya kupanda kitandani. "Mutoto wangu," akasema, "mapasa mumoja akienda, haulie, hausemi. Ukisema, mwenzake atasikia, naye atafwata. Mimi nimezaa mapasa, wewe umezisoma tu. Na kukuambia wewe, mama yao? Nani anamwambia mama?"

Papa Mkurugenzi, hapo nilitafuta kifungu cha kanuni za kazi alichokivunja, sikukipata.

2. Lalamiko la pili ni dhidi ya wafanyakazi wote waliobaki, ukitolewa wewe, ingawa sina uhakika nawe. Kila asubuhi Papa Ramazani, mlinzi wetu, hunifungulia lango na kuniuliza, "Mama Mapasa, watoto wazima?" Na kila asubuhi mimi hujibu, "Wazima kabisa, Papa, wamelala vizuri." Miezi mizima nimejibu hivyo bila kuitazama taa, na mtoto mmoja alikuwa maiti kwenye rafu! Papa Ramazani alijua. Mpishi wa chai alijua. Kumbe walikuwa wamekubaliana kwamba Kyungu, ile diski iliyokufa, amekwenda kuteka maji, ndivyo walivyoambiana, na mtu aliyekwenda kuteka maji haandikiwi ripoti.

Hapa lazima niseme jina hilo la Mama Mapasa lilitoka wapi, maana ukiuliza utaambiwa na wengine kwa chumvi zaidi. Nilipozifunga diski hizo mbili, zenye sura moja na uzito mmoja, nilitaka wenzangu waelewe, nikasema kwenye kikao, kwa majina tunayowapa mapacha huku kwetu, "Ni mapasa. Huyu Kyungu, huyu Kabange." Nilidhani natoa mfano. Kumbe natoa watoto. Mimi ni mtu wa kukaa peke yangu, unanijua. Siku nyingine maneno yangu yote ya mchana huyasema kwa mashine. Lakini jioni hiyo sokoni, mama mmoja muuza samaki, aliyekwisha kupata habari, aliniongezea mkebuka wa pili juu ya ule nilionunua, eti mama wa mapasa hapewi kimoja. Sikumkatalia. Sikumweleza kwamba watoto wangu wanakula umeme. Nilikwenda nyumbani nikala samaki wote wawili, na kusema kweli tangu siku hiyo nilianza kutembea kama mtu aliyezaa.

3. Kuhusu uchafu. Siku ya kuzindua seva, Mama Alphonsine aliipaka ubavuni mstari wa pemba, ule udongo mweupe wa baraka, na kuiimbia nyimbo za mapasa, zile ambazo wewe mwenyewe unajua haziimbwi mbele ya wakwe. Feni ya seva imevuta vumbi la pemba hiyo hadi leo. Sikulalamika wakati huo kwa sababu nilikuwa nacheza.

Lililonikera zaidi nililiona Jumatatu hiyohiyo: nyuma ya seva, upande wa taa nyekundu, palikuwa na kisanamu cha mti, kirefu kama kidole, kimepakwa mawese kikang'aa. Mawese, Papa, karibu na waya! Nikakishika kwa vidole viwili, nikakipeleka studio, nikadai maelezo. Mama Alphonsine akanieleza bila haraka kwamba pasa mmoja akiondoka, unamwekea aliyebaki kitu pembeni yake, kinachoshika nafasi, ili asijione peke yake akaanza kumtafuta mwenzake. Unafanya hivyo upesi. Ukichelewa, umepoteza wote wawili.

Nilicheka. Nilirudi ofisini nikafungua kitabu cha maelekezo cha seva, ukurasa wa diski iliyokufa, ili nimwonyeshe jinsi watu waliosoma wanavyofanya. Kitabu kinasema: weka diski mbadala pembeni ya iliyobaki, upesi, ukichelewa, unaweza kupoteza zote mbili. Kwa hiyo lalamiko langu hapa linabaki moja tu, kwamba kifaa alichoweka Mama Alphonsine kilikuwa cha mti. Cha kwangu hakikuwapo kabisa. Diski ya akiba sikuwahi kuagiza, kwa sababu niliandika katika mpango wa mwaka kuwa "mapasa wana afya njema".

4. Dhidi ya marehemu Kyungu na mgonjwa Kabange, kwa kula njama. Jumanne Kabange alianza kugonga. Ukiweka sikio unasikia tik, tik, kama mtu anayepiga ulimi akisikitika. Redio nzima ikanitazama, maana walikwisha kusema: mmoja akienda, mwenzake hufuata, na mimi nilikwenda kupiga kelele chumbani mwake kwamba Kyungu amekufa. Nilisimama katikati ya ua nikawafafanulia kwa utulivu kwamba diski haina masikio wala huzuni. Diski hufa kwa sababu ya umri na kazi. Na kwa kuwa hizi mbili zimetoka kiwandani siku moja, zimesafiri katika boksi moja, zimefungwa saa moja, zimefanya kazi ileile, katika joto lilelile na vumbi lilelile la pemba, ni jambo la kawaida kabisa kisayansi kwamba moja ikifa, nyingine...

Sikumalizia sentensi hiyo, Papa. Mpishi wa chai aliimalizia: "...inafwata."

Mtu mwenye akili hununua diski mbili kutoka maduka mawili, za tarehe mbili, ili zisizeeke pamoja. Hilo nalo liko kwenye kitabu. Lakini mimi nilipoziona dukani zimelala kwenye boksi zikiwa zimefanana, niliona vibaya kuzitenganisha.

5. Dhidi ya mtindo wa kioo wenyewe, kwa utii uliopita kiasi. Mwaka jana nilifuta kwa bahati mbaya matangazo yote ya mpira ya Papa Rubens. Sikushtuka. Nilikwenda kwa Kabange kuchukua nakala, nikakuta Kabange amefuta pia, kwa adabu, sekunde ileile, kama alivyofundishwa. Nilimweleza Papa Rubens kuwa hivyo ndivyo kioo kinavyofanya. Akanijibu mbele ya wageni, "Kioo cha nyumbani kwangu, nikijikata nikinyoa ndevu, kinanionyesha damu. Hiki chako, dada, kinajikata pamoja na mimi!" Nilimwona hana elimu. Sasa ninaomba msamaha wake upitie kwako, kwa sababu usoni kwake siwezi.

6. Dhidi ya barua pepe. Seva hii ina tabia njema: diski ikifa, humwandikia fundi. Iliandika. Iliandika kila siku tangu kabla ya Pasaka, kwa lugha ya kusihi. Iliandika kwenye anwani yangu ya chuo kikuu, ambayo neno lake la siri nililisahau mwaka niliohitimu. Nilichagua anwani hiyo kwa sababu ina cheo changu ndani yake.

7. Lalamiko la mwisho, na ndilo zito, ni dhidi ya Dada Farida, kwa uvumilivu.

Jumatano nilipogundua kwamba hapa mjini hakuna diski ya aina yetu, nilimpigia Abdoul, na Abdoul akampigia dada yake Kigoma. Dada Farida aliitafuta diski, akaipata, akaifunga ndani ya kitenge katikati ya nguo zake, akavuka nayo ziwa akiiweka mapajani kama mtoto mchanga, kwa sababu nilimwambia isitikiswe. Jana akanikabidhi. Hakuuliza ina kazi gani. Aliuliza tu, "Sasa nitamsikia mama?" Nikamwambia kesho, dada, kwanza mashine ijirudishe.

Nimeifunga tangu alfajiri. Kabange sasa anamwandikia huyo mgeni kila kitu alicho nacho, kuanzia mwanzo wa diski hadi mwisho, pamoja na nafasi tupu, kwa sababu kioo hakijui tofauti ya sauti ya mtu na nafasi tupu. Kila baada ya muda anagonga, anasita, kisha anaendelea. Kila anapogonga, mimi huacha kuandika. Kila ninapoacha kuandika, Dada Farida, huko nje, hujisogeza kwenye benchi. Nimemwambia kwamba kuisikiliza sauti sasa hivi kungemchosha mgonjwa. Akajibu, "Hamna shida, mdogo wangu. Mimi nimengoja tangu mazishi." Angenigombeza ningefanya kazi kwa amani. Anakaa na kungoja, na mimi nashindwa hata kunywa chai iliyoletwa.

Kutokana na malalamiko haya, Papa Mkurugenzi, nimefikia hitimisho ambalo naamini ni la kitaalamu. Tatizo la redio hii si diski. Tatizo ni watu. Watu hutoa majina, hupaka pemba, hubonyeza vitufe, huhurumia, hunyamaza, na kila wakati hutaka kusikia. Bila wao, seva hii ingeishi milele. Kwa hiyo ninaomba yafuatayo:

Kwanza, Mama Alphonsine ahamishiwe studio ya upande wa pili wa ua, mbali na kitufe.

Pili, itolewe amri kwamba kifaa chochote cha redio kisipewe jina la mtu, hali ya ndoa wala ukoo, na kwamba mimi niitwe Fundi, au nisiitwe kabisa.

Tatu, chumba cha mashine kiwe na ufunguo mmoja, nao ukae kwangu.

Nne, na hili nimelifikiria sana wakati Kabange akigonga: sauti za wazee zisitolewe tena kwa mtu yeyote, awe mtoto wa marehemu, mjukuu au mkwe. Kila kusikiliza kunaichosha diski. Njia salama ya kuhifadhi sauti ni isisikilizwe. Dada Farida aelezwe hivyo kwa upole, na mtu mwingine.

Natumaini utayapokea haya kwa moyo uleule nilioyaandikia, yaani moyo unaodunda sana. Nisalimie bwana harusi na mkewe, uwaambie Mungu awape watoto, ikiwezekana mmoja mmoja. Nisalimie Mama yako mzazi, na shangazi zako wote wa Kongolo, na yule kaka yako wa Kabimba kama amefika. Hapa wote hawajambo na wote wamekasirika nami.

Wako katika kazi, pasipo watoto,

Carmel Kalunga
Fundi wa mitambo

T.B. Papa, usiyafanyie kazi maombi hayo. Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi wakati Kabange alipogonga na kukaa kimya muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, kisha akaendelea. Nikaangalia amefika wapi: alikuwa bado ananakili nafasi tupu. Mgonjwa wangu, aliyebakiwa na pumzi chache, nilikuwa namtuma kubeba hewa, ili mimi nione taa mbili za kijani tena. Na mama wa watu yumo mle ndani akingoja zamu yake nyuma ya hewa hiyo.

Nikasimamisha kazi ya kioo. Kitabu hakikuniambia nifanye hivyo. Nikafungua mlango, nikamwita Dada Farida aingie chumba cha mashine, na kaka yake, na simu zao. Nikatafuta faili la Bibi Zaina kwa mkono, moja kwa moja. Nililitoa nikaliweka kwenye simu ya Farida, kisha ya Abdoul, kisha ya Mama Alphonsine, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kuitwa, kisha kwenye yangu. Ndipo tukalisikiliza. Mwanzoni kabisa, kabla Mama Gisèle hajauliza swali lake la kwanza, Bibi Zaina anasikika akivuta kiti na kusema, kwa ile sauti ya mtu asiyedanganyika, "Na hii kitu inayokunywa sauti yangu, wewe mutoto, itairudisha?" Farida alicheka kwanza. Sitakuandikia yaliyofuata.

Baada ya hapo sikuweza kukaa nikiangalia taa. Sauti zilizomo ni nyingi, na Kabange sijui ana muda gani. Papa Rubens, ambaye siku hizi haniongeleshi, aliweka simu yake mezani, akafuta video zake za harusi ya binamu ili nafasi ipatikane. Lakini simu zetu sisi wachache hazitoshi. Kwa hiyo, Papa, niliingia studio ya Mama Alphonsine, akanipisha kiti chake, nikasema hewani mimi mwenyewe. Nilirudia jina langu mara mbili, nikakohoa ndani ya kipaza sauti. Nikasema kwamba diski imekufa, na ya pili inakufa, na kosa ni la fundi, na kwamba kila ukoo wenye mzee aliyerekodiwa na redio hii uje leo na simu uchukue mtu wake, tuanze na walioondoka zamani zaidi, na uje pia na jirani mwenye simu kubwa.

Hukuwapo nikuombe ruhusa. Nimekwisha kutangaza. Foleni imetoka langoni, imepita kona, na Papa Ramazani ndiye anayewapanga. Naishia hapa, kwa sababu kuna mzee ameshika mlango kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, na ananitajia jina la baba yake.